Nilitoa, Kisha Nikatangaza

Baba alipofariki tuliuza shamba la minazi, kila mrithi akapata fungu lake. Binti aliyelelewa kwetu tangu mdogo, ambaye ndiye aliyemuuguza baba hadi siku ya mwisho, hakupata kitu, kwa kuwa si mrithi. Nikamega fungu langu nikampa. Jioni yake nikaandika kwenye kundi la ukoo la WhatsApp kwamba nimempa, na kiasi nikakitaja. Pongezi zilimiminika. Tangu siku hiyo, yule binti akija kwangu haketi. Anakimbilia jikoni kuosha vyombo, kama mtu anayelipa deni.

Mwaka jana nikamkuta tena, safari hii katika hadithi fupi ya O. Henry wa Marekani, "One Thousand Dollars", iliyomo katika mkusanyo wake wa 1908.

Kijana mfujaji, Gillian, ameachiwa na ami yake tajiri dola 1,000 tu, na sharti kwamba akishazitumia awapelekee mawakili hesabu ya maandishi. Anazunguka kuuliza watu wangezifanyia nini. Mwendesha gari la farasi angefungua baa. Kipofu anayeuza penseli anamwonyesha kitabu cha benki: ana dola 1,785! Ndipo anarudi kwa mawakili na swali lililonichoma: Bi Hayden, aliyelelewa na marehemu, aliachiwa chochote zaidi ya pete na dola 10? Hakuachiwa.

Anampelekea elfu nzima, lakini hasemi ni zake. Anadai marehemu alimwongezea. Kisha anamwambia anampenda. Bi Hayden anasema anasikitika, anachukua pesa zake, basi. Aliweza kumkatalia kwa sababu hakujua nani aliyemfadhili. Angejua, lile "hapana" lingemkaa kooni.

Kumbe wosia una nyongeza: Gillian akionekana amezitumia vyema atapata dola 50,000, akiwa amezifuja, zote ni za Bi Hayden. Kabla wakili hajaigusa hesabu yake, Gillian anaichana, anasema pesa zimepotelea kwenye mbio za farasi, anaondoka akipiga mluzi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, pesa ya ghafla ikikuangukia, usianze na washauri. Uliza kwanza nani aliyekuwa ndani ya nyumba ile na jina lake halikusomwa. Mpe mkiwa wawili tu. Kama ni ada, nenda kalipe shuleni, mtoto aone amesoma kama wenzake. Na mkija kugombana, maana mtagombana, ulimi wako usiikaribie pesa ile. Kusimbuliwa kunauma kuliko njaa. Nimeliona usoni mwa mtu ninayempenda.

Ujumbe wangu niliufuta, lakini ulikwisha kusomwa. Idi iliyopita alipokuja nilimwomba radhi. Akasema, "Yameisha, kaka," na papo hapo akainuka kukusanya vikombe. Nikamwahi. Nikaviosha mwenyewe, naye akabaki sebuleni, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, ameketi.