Barua kwa Atupele, kuhusu kazi ya kutunga

Mwanangu Atupele,

Barua yako imefika, na mama yako ameisoma kabla yangu kama ilivyo kawaida yake. Anakusalimu sana. Mvua ya huku Tukuyu haijakatika tangu Pasaka na migomba mingine imelala, lakini sote wazima.

Nije kwenye swali lako. Umeuliza kama mtu anaweza kuacha ualimu wa sekondari hapo Iringa akaishi kwa kutunga muziki wa jukwaani ambao si kwaya, si bendi ya dansi, wala si igizo lenye nyimbo katikati; muziki ambao mwanga, maji, maneno na vyombo vina haki sawa. Ukanitumia habari za mtunzi Mjerumani Heiner Goebbels, ukaandika: "Baba, huyu aliwezaje, na mimi nitawezaje?" Nimezisoma zote, nimesikiliza nilichoweza kwenye simu ya mdogo wako. Jibu langu ni ndiyo, unaweza. Ila naona umeanza kumtazama pale alipofika, hukumtazama alipotokea.

Umenieleza kwa furaha kubwa Stifters Dinge, kazi yake ya mwaka 2007 iliyoanzia Lausanne kule Uswisi: piano tano zinazojipiga, mabwawa ya maji, mvua, mvuke, na jukwaani hakuna mwigizaji hata mmoja. Nakuelewa. Mtoto aliyekulia chini ya bati la Tukuyu hana haja ya kufundishwa kwamba mvua ina sauti zake. Lakini Goebbels alikuwa na miaka 55 alipoifanya kazi hiyo. Aliweza kuwaondoa watu jukwaani kwa sababu alikuwa amekaa nao miaka thelathini.

Alizaliwa 1952, akahamia Frankfurt akiwa kijana, akasoma sosholojia kwanza na muziki baadaye. Mwaka 1976 yeye na wenzake wakaunda bendi. Bendi gani? Ya matarumbeta, Atupele! Vijana wa siasa za mrengo wa kushoto, wengine hodari, wengine wanajifunzia humo humo, wakipiga barabarani na kwenye maandamano hadi 1981. Nilipofika hapo nilimwita mama yako aje asikie.

Unajua kwa nini nilifurahi. Matarumbeta ndiyo shule yangu, hapa kwetu Rungwe, katika kanisa letu la Moravian. Tarumbeta halikufichi: pumzi ikiisha kila mtu anasikia. Na anayepanga sauti za matarumbeta hapangi kwa ajili ya watu anaowatamani, anapanga kwa midomo iliyopo Jumapili ile. Mpiga besi akienda msibani Kyela, besi inahamia kwa mwingine, na wimbo unabadilika. Yule kijana ambaye hajaweza zaidi ya nota tatu, unamwandikia nota tatu zinazohitajika kweli, ili zisipopigwa pengo lionekane. Hiyo si kazi ya kubahatisha. Ni utunzi, na nimeona kwamba Goebbels ameufanya maisha yake yote.

Tazama kazi yake Schwarz auf Weiss ya mwaka 1996. Aliitengeneza na wanamuziki 18 wa Ensemble Modern, kundi la wapigaji wa muziki wa kisasa la Frankfurt. Angeweza kujifungia chumbani, akaandika nota, akawapelekea. Yeye alikaa nao kwanza, akachunguza kila mmoja anaweza kufanya nini zaidi ya chombo alichokizoea. Ndiyo maana katika kazi ile wanamuziki ndio waigizaji: wanatembea, wanacheza michezo, na mpiga filimbi anapiga sambamba na birika linalochemka juu ya moto. Hata kabla ya hapo, alipofanya mchezo wa redio kutokana na maandishi ya Heiner Müller, mwandishi wa tamthilia, aliwasimamisha wapita njia Berlin akawaomba wayasome, na sauti zao zikawa muziki. Sasa mtu kama huyo, mwanangu, usiseme kwamba ametunga peke yake.

Kuhusu pesa nitasema waziwazi, kwa sababu ndilo linalomkosesha mama yako usingizi. Goebbels hakuishi kwa tiketi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliongoza muziki katika jumba la maigizo la Frankfurt, na majumba ya aina hiyo Ujerumani yanaendeshwa kwa fedha za umma. Redio za kule zililipia michezo yake. Kuanzia 1999 hadi 2018 alikuwa profesa chuo kikuu cha Giessen, akifundisha vijana wa maigizo. Maana yake alifundisha, Atupele, tena katika miaka ileile alipofanya kazi zake kubwa. Alisimamia pia tamasha la Ruhrtriennale, 2012 hadi 2014, katika majengo ya viwanda vya zamani, na huko aliwahi kuingiza kundi zima la kondoo jukwaani katika kazi ya mtunzi mwenzake Louis Andriessen. Kondoo wale wana gharama yao, na kuna aliyelipa.

Sisi hatuna redio ya kukulipa kwa jambo kama hilo. Tuna BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, ya kukusajili, COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ya kulinda haki yako, na Mfuko wa Utamaduni na Sanaa ambao zaidi hutoa mikopo, na mkopo hurudishwa. Kwa hiyo mshahara wa ualimu ndio redio yako. Usiuache sasa. Una darasa, una ukumbi jioni, una watoto wanaojua kuimba sauti nne bila kufundishwa na mtu. Wapo watunzi wengi waliosoma zaidi yako ambao hawana hata kimoja kati ya hivyo.

Kuna jambo moja ambalo hukulitaja, nami limenigusa kuliko yote. Mwaka 2021 Berlin walipiga kazi yake kubwa iitwayo A House of Call, ikiongozwa na Vimbayi Kaziboni, mzaliwa wa Zimbabwe. Humo okestra inaitikia sauti za zamani zilizonaswa kwenye mashine. Baadhi ni za watu wa Namibia, zilizorekodiwa 1931 na Mjerumani Hans Lichtenecker, ambaye wakati huohuo alikuwa akichukua vinyago vya plasta vya nyuso zao. Goebbels hakuzipamba sauti hizo. Aliweka okestra mbele yao ikae kama wageni waliokuja kusikiliza. Nimefikiri sana juu yake, na bado moyo wangu haujatulia, kwa sababu wale watu hawakuulizwa 1931, na 2021 hawakuwepo wa kuulizwa.

Wewe unaishi karibu na Kalenga. Unajua fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilivyokaa Ujerumani mpaka liliporudishwa 1954. Basi unaposema unataka kuanza na ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, ukitumia rekodi alizofanya mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Iringa mwaka 1950 ambazo sasa zimehifadhiwa Afrika Kusini, nakuunga mkono kabisa, lakini usianzie kwenye rekodi. Anzia kwa wazee. Tafuta nani bado ana ligombo ndani, nani anakumbuka babu yake alivyolishika, nyuzi zilitandazwaje juu ya ule ubao uliochimbwa. Waombe ruhusa kwa mdomo wako, na ukirudi uwapigie wao kwanza, hata kama kazi haijakamilika. Wakikukataza sehemu fulani, iache. Hapo ndipo utakapomzidi Goebbels, na una uwezo huo, kwa kuwa wenyewe wako hai na nauli ya kuwafikia ni ya daladala.

Mimi sitakuficha: nataka uifanye kazi hii. Nilikusikia tangu ukiwa mdogo ukigonga ndoo jikoni kufuata mvua, na sikuwahi kukukataza. Shangazi yako anasema nakupoteza. Mwache aseme, nitamjibu mwenyewe.

Sasa tupange. Nimeongea na wenzangu wa matarumbeta, na wanne wamekubali kuja Iringa likizo ya Juni: wawili wa sauti ya kwanza, mmoja wa teno, na mzee wa besi, ambaye siku hizi pumzi yake ni fupi, kwa hiyo mwandikie nota fupi. Usiwatumie karatasi kabla hawajafika. Wasikilize kwanza. Nauli ya basi ya kuja na kurudi nitaitoa mimi, wewe utafute pa kuwalaza, na umwombe mkuu wako wa shule ukumbi kwa barua, si kwa maneno.

Baba yako