Swali la fundi wa boti: "tender" ni zabuni au ni chombo?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi wa boti za mbao hapa Kirumba, Mwanza. Mwezi uliopita mteja alinitumia kwenye simu tangazo la Kiingereza lililoandikwa "tender", mita 3.2. Kwa kuwa habari za tenda tunazisikia kila siku, nilidhani kuna kazi inatangazwa, nikakesha nikipiga hesabu ya mbao, misumari na kalafati. Kumbe kilichokuwa kinauzwa ni kiboti cha mpira cha kujaza upepo! Inakuwaje neno moja libebe mambo mawili yasiyofanana?

JIBU: Pole kwa usiku uliopotea, fundi. Maneno hayo ni ndugu waliopotezana zamani, kwani yote mawili yanarudi kwenye kitenzi kimoja cha Kilatini chenye maana ya kunyoosha. "Tender" ya biashara ilipitia Kifaransa ikiwa na maana ya kumnyooshea mtu kitu, naye akipokee au akikatae. Ndiyo maana kwa Waingereza neno hilo hutaja hasa bei iliyoandikwa na kuwasilishwa ndani ya bahasha iliyofungwa, kabla mtu yeyote hajapewa kazi. Ile ya majini ilipita njia nyingine, ya kumwelekezea mtu akili na hatimaye kumhudumia, kwa hiyo ni chombo kinachohudumia chombo kingine.

Udogo si sharti. Jeshi la Wanamaji la Marekani lina meli iitwayo Emory S. Land, iliyoanza kazi mwaka 1979, ambayo ni karakana inayoelea: nyambizi huegeshwa ubavuni mwake zikatengenezwa na kupewa vipuri, silaha na chakula. Kwa upande mwingine, meli ya watalii ikitia nanga mbali na gati, viboti vinavyowashusha abiria ufukweni huitwa kwa jina hilo hilo, na mwenye jahazi la anasa hukiita hivyo kiboti chake cha kwendea nchi kavu, ambacho ndicho ulichotumiwa. Hata reli imo, maana behewa la makaa na maji lililofuata nyuma ya injini ya mvuke liliitwa vivyo hivyo.

Msomaji mmoja wa Ukerewe aliwahi kuniuliza kama boti zinazopita kwenye mialo na barafu kukusanya sangara zinaweza kuitwa hivyo. Nasita, kwa sababu boti hizo zinafuata samaki wa kununua, wala hazipo chini ya chombo kikubwa kinachozitegemea.

Lililokupoteza zaidi, kwa maoni yangu, ni Kiswahili chetu wenyewe. Tulipolichukua neno tukalifanya "tenda" (lisilo na undugu wowote na kitenzi chetu cha kutenda, ingawa masikio yanashawishika), tulilihamisha kutoka kwenye karatasi tukalipeleka kwenye kazi. Mama lishe akisema "nimepata tenda ya kupika kwenye harusi", hazungumzii bahasha yoyote. Anazungumzia sufuria, mchele na malipo. Akitaka kulisema hilo kwa Kiingereza itambidi ataje mkataba. "Zabuni" imebaki karibu zaidi na karatasi, kwani tunasema kutangaza zabuni, kufungua zabuni na nyaraka za zabuni. Lakini nayo imeanza kuteleza, maana siku hizi "mzabuni" ni hata yule aliyekwishashinda na anayepeleka maharage shuleni kila wiki.

Kwa chombo, mimi ningeandika "kiboti cha meli" kwa kile kidogo na "meli ya huduma" kwa ile kubwa, nikaacha "tenda" ibaki sokoni. Siku nyingine ukiletewa tangazo, tazama kinachofuata neno hilo: ukiona urefu, idadi ya abiria au nguvu ya injini, ni chombo, ukiona tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, hapo ndipo uchukue kalamu upige hesabu ya mbao.