Maswali na majibu: washindi wakikaa mezani

Tulifundishwa kwamba mwaka 1919, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walikwenda Paris kujadiliana na washindi. Walijadiliana nini hasa?

Kidogo mno. Mkutano ulifunguliwa tarehe 18 Januari na wao hawakualikwa. Waliokabana koo ni washindi wenyewe kwa wenyewe. Clemenceau wa Ufaransa alitaka Ujerumani ibanwe isiinuke tena. Wilson wa Marekani alikuja na hoja zake 14 za amani na ndoto ya Shirikisho la Mataifa. Lloyd George wa Uingereza alitaka fidia, ila hakutaka mteja mkubwa wa viwanda vyao afilisike. Orlando wa Italia alisusa mwezi Aprili akarudi kwao, kisa mji wa Fiume alioudai. Wajerumani walikabidhiwa rasimu ya mkataba tarehe 7 Mei, wakapewa siku 15 kutoa maoni, tena kwa maandishi tu. La maana walilopata ni kura ya maoni kwa wakazi wa Upper Silesia, jimbo ambalo rasimu ilikuwa imewapa Wapolandi moja kwa moja.

Si wangekataa tu kutia saini?

Kwa silaha zipi? Makubaliano ya kusitisha mapigano ya Novemba 1918 yaliwataka wasalimishe mizinga 5,000, bunduki za rashasha 25,000 na ndege 1,700. Majeshi ya washindi yalishafika mto Rhine, na bandari zao zilikuwa bado zimezingirwa. Scheidemann, mkuu wa serikali, alijiuzulu kuliko kukubali. Waliomrithi wakausaini mkataba huo, uitwao wa Versailles, tarehe 28 Juni. Kwa maoni yangu, masharti ya amani huamuliwa siku ile bunduki zinaponyamaza, yanayofuata ni uandishi. Tazameni Waturuki, nao walioshindwa: mkataba wa Sèvres wa 1920 uliigawa nchi yao vipande, lakini wao walikuwa bado na watu wa kupigana. Mwaka 1923 washindi walirudi mezani Lausanne wakaandika mwingine.

Ni kweli fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, limetajwa katika mkataba wa Versailles?

Kweli kabisa, kifungu cha 246. Ujerumani ilipewa miezi sita kuikabidhi serikali ya Uingereza fuvu la Sultani Mkwawa. Kifungu hichohicho kinadai pia Kurani ya Khalifa Othman ipelekwe kwa mfalme wa Hijazi. Sijui mkataba mwingine wenye orodha ya namna hii. Miezi sita ikapita, ikapita na miaka. Fuvu lilirudi Kalenga, karibu na Iringa, mwaka 1954, likitokea jumba la makumbusho la Bremen, na Gavana Twining wa Tanganyika akalikabidhi kwa mjukuu wa marehemu, Chifu Adam Sapi. Wapo wanaotilia shaka kama ndilo lenyewe.

Mkataba huohuo uliinyang'anya Ujerumani makoloni yote. Uingereza ikachukua Tanganyika, Ubelgiji ikapewa Rwanda na Burundi, na Ureno ikamegewa Kionga, kipande kidogo kusini mwa mto Ruvuma. Wenyeji hawakuulizwa. Mezani hapakuwa na kiti chao.

Fidia zililipwa zote?

Hapana. Mwaka 1921 zilipangwa maki (fedha ya Ujerumani) za dhahabu bilioni 132, lakini bilioni 82 kati ya hizo ziliwekwa kwenye hati za deni ambazo hata waliozibuni hawakutarajia zilipwe. Namba kubwa ilikuwa ya kuwatuliza wapiga kura nyumbani. Mwaka 1932 fidia zikaachwa. Riba za mikopo iliyokopwa ili kuzilipa, hizo zilimalizwa Oktoba 2010!

Baada ya vita vya pili, mkataba na Ujerumani ulisainiwa wapi mwaka 1945?

Haukusainiwa. Pale Potsdam washindi walikubaliana jinsi ya kuisimamia nchi, kisha wakakosana, na Ujerumani zikawa mbili. Mkataba uliofunga hesabu hiyo ulitiwa saini Moscow tarehe 12 Septemba 1990. Japani ilipata wake mapema, San Francisco mwaka 1951, ingawa Urusi ya Kisovieti ilihudhuria ikagoma kusaini.