Nakala moja ya mafaili yako ipande mlimani

Ukishanunua kompyuta ya nyumbani, kabla ya printa au spika, nunua diski mbili za nje. Ya pili isilale chini ya paa lako.

Hapa Moshi, chini ya Mlima Kilimanjaro, wengi wakisema wamefanya bekapu, yaani nakala ya akiba ya mafaili, wana maana ya diski iliyochomekwa kwenye kompyuta ileile, mchana na usiku. Umeme ukikatika na kurudi kwa nguvu, vyote viwili viko kwenye soketi moja. Mwizi naye habagui, hubeba mashine pamoja na kila kinachoning'inia. Jirani yetu wa mtaa wa Soweto, hapahapa Moshi, aliibiwa hivyo. Zilikwenda picha za harusi na za kipaimara cha watoto, ikaenda na sauti ya bibi akieleza ukoo wao ulikotoka. Za harusi walizipatapata kwenye simu za wageni. Ile sauti hakuwa nayo mtu mwingine yeyote, na bibi alikwishazikwa.

Kuna kanuni inayoitwa 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh: nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, na 1 iwe mahali pengine. Hiyo 1 ya mwisho ndiyo watu huiruka, na kwetu sisi ndiyo nyepesi kuliko zote. Si kila Desemba tunapanda mlimani, vijijini kwetu? Marangu, Rombo, Kibosho, Machame, kila mtu na kwao. Diski yetu moja inakaa Marangu kwa shangazi, kabatini, ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, maana kule juu unyevu haupoi. Krismasi tunapanda na yenye mafaili mapya, tunashuka na ile ya zamani. Pasaka tunabadilishana tena. Iliyobaki mjini naichomeka mwisho wa mwezi, nanakili, kisha naichomoa. Kuchomoa ni lazima. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, hufunga pia diski iliyoachwa imechomekwa.

Kwa kuwa inasafiri kwenye Hiace, diski hiyo ina nywila. Natumia VeraCrypt, programu ya bure, na nywila mume wangu anaijua. Nywila ya mtu mmoja ni hatari. Akiugua, familia nzima imefungiwa nje.

Mtandaoni, Google inatoa nafasi ya GB 15 bila malipo, ila barua pepe na picha zako zinakula humohumo. Zinatosha vyeti, mihtasari ya kikoba na picha ya hati ya kiwanja (hati yenyewe itunze, picha haichukui nafasi yake). Video usijaribu, bando litakwisha njiani. Na uelewe kwamba folda inayojisawazisha na mtandao inafuata unachofanya: ukifuta faili hapa, linafutika na kule. Kwenye kapu la taka la Google Drive, hiyo hifadhi ya mtandaoni ya Google, linakaa siku 30 tu.

Flashi ya kupelekea kazi steshenari isiwe ghala lako. Inaingia kwenye mashine za watu wengi na kurudi na virusi, folda zote zimegeuka njia za mkato. Ikitokea hivyo usikubali kuifomati haraka, kwani mara nyingi mafaili yapo, yamefichwa tu. Fundi anayejua amri ya attrib, inayofichua mafaili kwenye Windows, huyarudisha. Jihadhari pia na flashi ya TB 2 inayouzwa kwa bei ya kushangaza. Nyingine ndani zina nafasi ndogo sana, ila zimechezewa zidanganye kompyuta. Zinapokea mafaili bila kulalamika, ukiyataka hayafunguki. Programu ya H2testw huzijaza na kuzisoma tena, na udanganyifu hujitokeza.

Diski ikishuka kutoka kijijini, usiandike kitu juu yake siku hiyohiyo. Ichomeke kwenye kompyuta nyingine, hata ya jirani unayemwamini, ufungue picha za miaka tofauti na utazame video moja mpaka mwisho. Jina la faili kuonekana kwenye orodha halitoshi. Ikianza kutoa mlio wa kukwaruza au kukwama kila mara, nunua nyingine wakati nakala yake bado iko salama kwa shangazi.