Re: Tungamo la kigari cha pili halitoki

Jambo ndugu. Umesema kigari cha kilo 2 kinaenda mita 3 kwa sekunde, kinagonga kingine kilichosimama, kinarudi nyuma kwa mita 1 kwa sekunde, na kile kinaondoka kwa mita 2 kwa sekunde. Tungamo la hicho cha pili umepata kilo 2, kitabu kinasema 4.

Angalia kwanza hilo neno “kinarudi”. Kasi yake ni −1, si 1. Jumla ya tungamo mara kasi kabla ya kugongana ni sawa na baadaye, na m ni tungamo la kigari cha pili. Basi 6 = −2 + 2m, m = 4. Kosa hilo limenila alama nyingi. Siku hizi nachora mishale kwanza. Fikiria chukudu (kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo) tupu hapa Goma ikigonga iliyojaa makala: inarushwa nyuma.

Hakikisha kwa nishati ya mwendo (nusu ya tungamo mara kasi mara kasi): jouli 9 kabla, 1 + 8 baadaye. Lakini vikinatana, usitumie kipimo hicho, nishati ya mwendo hupungua.