Maswali yenu: mwaka wa kwanza kwenye mauzo ya teknolojia

Nimeajiriwa na kampuni ya programu za kompyuta kutafuta wateja, lakini naambiwa sitauza chochote. Kazi yangu ni nini hasa?

Ni kubisha hodi. Unatafuta kampuni zinazoweza kuhitaji programu yenu, unapiga simu, unaandika barua pepe, na ukimpata mwenye shida mnayoiweza unampangia kikao na muuzaji mwandamizi. Bei na mkataba ni vyake yeye. Mgawanyo huu ulipata nguvu miaka ya mwanzo ya 2000, Salesforce, kampuni ya Marekani ya programu za mauzo, ilipoutumia, na mimi naupenda: muuzaji aliyezama kwenye mikataba husahau haraka kutafuta wateja wapya.

Napiga simu 60 kwa siku. Wengi hukata kabla sijafika popote. Nakosea wapi?

Pengine maneno yako ya kwanza yanakuhusu wewe: jina, kampuni, "suluhisho bora". Nami nilianza hivyo, nikisoma karatasi, mpaka meneja mmoja wa ghala aliponiuliza kwa upole, "Unajua sisi tunafanya nini?" Sikujua. Swali lile limenifundisha kuliko semina zote.

Siku hizi sipigi simu kabla ya kutumia dakika tatu kwenye tovuti yao. Tuseme wametangaza nafasi 5 za huduma kwa wateja. Nitaanza hivi: "Nimeona mnaongeza watu wa huduma kwa wateja. Ni simu zimewazidi, au mnafungua tawi?" Halafu nanyamaza. Kunyamaza huko ni kugumu, ulimi unawasha, lakini vumilia. Akianza kueleza, andika maneno yake kama anavyoyatamka. Simu 30 za namna hii nazithamini kuliko hizo 60.

Barua pepe zangu zinaishia kwenye spamu.

Waulize mafundi wenu kama kikoa cha kampuni, yaani jina linalofuata alama ya @ kwenye anwani yako, kimethibitishwa. Tangu Februari 2024, Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua kwa wingi, na Google inataka malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3. Orodha za anwani za kununua ziache kabisa.

Mwisho wa mwezi wenzangu hupanga vikao na watu wasio na haja, ili wafikishe lengo. Nami nifanye hivyo?

Hapana, tafadhali. Muuzaji mwandamizi atajiandaa, atafungua kikao, na mteja atamwambia, "Nilikubali ili mwenzako aache kunipigia." Baada ya hapo hata vikao vyako vizuri atavitilia shaka.

Ila tatizo huenda si wenzako peke yao. Muulize meneja kamisheni inahesabiwa lini: kikao kikipangwa, kikifanyika, au muuzaji akikubali kwamba mteja ni wa kweli? Kama ni kikipangwa tu, mwombe mzungumzie kuibadilisha, na nenda na mfano wa vikao vya mwezi uliopita ambavyo mteja hakutokea.