JIBU: Spectrum 48K (kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980) haiwaki vizuri, nibadilishe memori zote?

Ndugu yangu wa Moshi, umeuliza kama ung'oe chipu zote nane za memori aina ya 4116. Usiziguse bado! Pima volti kwanza, waya mweusi wa mita ukiwa mguu wa 16 wa chipu: mguu wa 1 utoe −5, wa 8 +12, wa 9 +5. Ile −5 ikikosekana, umeme hupita ovyo ndani ya chipu mpaka inachemka na kufa, na mpya utakazoweka zitakufa vilevile. Mara nyingi mkosaji ni transista TR4 au koili yake. Volti zikikaa sawa, washa dakika moja, sogeza kidole: inayounguza imekwisha, ingawa iliyo baridi si lazima iwe nzima. Kata miguu yake, toa mmoja mmoja kwa joto dogo, kwani njia za shaba za bodi hizo hubanduka upesi mno. Weka soketi kabla ya chipu mpya; ukikosa, waulize mafundi redio wa hapo Moshi, hata Arusha.